Graviti na mchapuko kwa vitendo: simu, chupa ya maji na safari ya basi

Naandika hii mara moja ili nisirudie kila wiki. Wanafunzi wa fomu faivu na siksi hapa Kigoma, na siku hizi hata wa Tabora wananitumia meseji, swali ni lile lile: mwalimu, inakuwaje Einstein anasema graviti na mchapuko (yaani mwendo kubadilika) havitofautiani wakati kimoja kinavuta chini na kingine kinasukuma mbele? Na kila kitabu kinajibu kwa mfano wa lifti. Sasa wengi wenu hamjawahi kupanda lifti, mtoto katoka Buhigwe unamwambia "fikiria uko ndani ya lifti afu kamba imekatika", yeye anabaki anafikiria kamba.

Kwa hiyo humu hamna lifti. Kuna simu, chupa, nati, mizani ya samaki na basi. Fanya hatua kwa mpangilio, usiruke, na ukifika mwisho utakuwa umejionea mwenyewe jambo ambalo watu wengi wanamaliza hadi chuo hawajalishika: hujawahi hata siku moja kuhisi graviti ikikuvuta. Unachokihisi miguuni tangu uanze kutembea ni ardhi inakusukuma juu. Ukishalikubali hilo, habari za Einstein zinakuwa nyepesi.

Tafuta hivi kwanza

- Simu janja. Kama picha inageuka ukiilaza simu ubavu, basi kihisi cha mchapuko kipo. Pakua programu inaitwa phyphox, ni ya bure, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen kule Ujerumani, na ukishaipakua haili bando.
- Godoro, au mito minene miwili mitatu.
- Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, msumari, na ndoo.
- Chupa ndogo ya maji yenye kifuniko kisichovuja.
- Uzi wa sentimita 50 na nati, ya baiskeli inatosha.
- Mizani ya kuning'iniza yenye springi, ile ya kupimia samaki. Ukikosa azima pale mwaloni Kibirizi asubuhi biashara ikishapoa, ukienda saa dagaa wanashushwa hakuna wa kukusikiliza.
- Mwenzako mmoja wa kurekodi video. Peke yako hutaona vizuri, vitu vinapita haraka.

Hesabu utakayohitaji ni kugawanya na kuzidisha tu. Ukijua tanjiti ni faida, usipojua nitakuonyesha njia ya rula.

Hatua ya 1. Daftari na karatasi

Chukua daftari gumu, weka kipande cha karatasi juu yake, kisizidi ukingo, afu liachie lianguke likiwa limelala. Karatasi itafika chini pamoja na daftari. Ukiiachia karatasi peke yake inapepea, kwa hiyo kilichokuwa kinaichelewesha ni hewa, uzito wake hauhusiki.

Hii najua mliambiwa tangu fomu wani, na mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya mwezini ambako hamna hewa, vikafika pamoja. Lakini jiulize kwa nini. Kitu kizito kinavutwa zaidi, ndiyo, ila pia ni kigumu zaidi kukisogeza, na hivyo viwili vinakatana sawasawa. Newton aliliona hilo na akalipima kwa pendulamu lakini hakuwa na sababu ya kwa nini iwe hivo. Setilaiti ya Ufaransa iliyoitwa MICROSCOPE ililinganisha platinamu na titani, majibu ya mwisho yakatoka 2022, hawakuona tofauti yoyote hadi kiwango cha sehemu moja kwa trilioni elfu moja. Weka hilo kichwani, twende.

Hatua ya 2. Laza simu mezani

Fungua phyphox. Utaona vipimo viwili vya mchapuko, kimoja kina g (mchapuko wa graviti) ndani yake na kingine g imeondolewa. Chagua chenye g. Narudia maana hapa ndo nusu ya watu wanapotea: ukichagua kile kilichoondolewa g simu inakufanyia hesabu za kubahatisha na hatua zote zinazofuata zitakuja majibu ya ajabu.

Laza simu, kioo kikitazama juu, bonyeza kuanza. Mhimili wa z, ule unaotoka kwenye kioo kwenda juu, utasoma karibu 9.8, ile miwili mingine karibu sifuri. Kwa hapa Kigoma, tuko karibu na ikweta na ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, thamani halisi ni kama 9.78, lakini simu yako haina usahihi huo, usihangaike nayo.

Sasa angalia vizuri alama. Ni chanya. Yaani simu iliyolala kwenye meza haiendi popote, na inadai inachapuka kwenda JUU kwa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Wengi hapa wanasema simu mbovu. Simu sio mbovu. Ndani yake kuna kipande kidogo sana cha silikoni kimeshikiliwa na springi ndogo, na kinachopimwa na kihisi ni jinsi kile kipande kinavyobaki nyuma pale ganda la simu linaposukumwa. Meza inaisukuma simu juu, kipande kinabaki chini kidogo, simu inaandika 9.8. Kitu pekee kinachopimwa ni msukumo.

Andika hiyo 9.8 kwenye daftari na mshale unaotazama juu.

Hatua ya 3. Iangushe simu

Ndiyo, iangushe. Godoro chini, simu usawa wa kifua, kama mita 1.2 juu ya godoro, kioo juu, anza kurekodi, iachie bila kuirusha na bila kuizungusha. Itakuwa hewani karibu nusu sekunde, na kwa sababu simu nyingi zinasoma mara 100 au zaidi kwa sekunde, nusu hiyo inatosha kabisa. Afu ivute grafu utazame.

Utaona mstari umetulia kwenye 9.8, unashuka ghafla karibu na sifuri, unakaa hapo, afu unaruka juu sana wakati simu inagonga godoro.

Kaa na hiyo grafu dakika kadhaa. Wakati graviti peke yake ndo inafanya kazi, bila mkono wala meza, simu inasema hakuna kitu. Na wakati simu "imepumzika" mezani inasema kuna mchapuko. Ni kinyume kabisa na tulivyozoea kuongea, na hapo ndipo Einstein alipoanzia.

Tahadhari: toa kava lenye sumaku, usifanyie kwenye sakafu ya sementi eti utaidaka, na usitumie simu ya mzazi.

Hatua ya 4. Chupa inayovuja

Pasha msumari moto, toboa tundu moja karibu na kitako cha chupa kubwa. Jaza maji huku umeziba tundu kwa kidole. Panda kwenye stuli au ngazi ya baraza, ndoo chini, mwenzako arekodi kwa video ya mwendo wa pole kama simu yake inayo. Achia kidole, maji yanachirizika. Sasa iachie chupa.

Maji yanakata. Tangu inapotoka mkononi hadi inapogonga ndoo hakuna tone linalotoka. Maji yalikuwa yanatoka kwa sababu yale ya juu yanayakandamiza ya chini, sasa chupa na maji vyote vinaanguka kwa mchapuko mmoja (ile hatua ya 1), hakuna wa kumkandamiza mwenzake.

Afu fanya hii ambayo wengi hawaifanyi: rusha chupa juu. Bila kuizungusha, irushe kama mita moja hivi. Maji yanakata pale pale inapoachana na mkono, ikiwa bado inapanda! Wanafunzi karibu wote wanabisha mpaka waione. "Kuanguka" katika fizikia kunaanza pale unapoachiwa, hata kama bado unaenda juu. Ukielewa hii umeelewa pia kwa nini wanaanga kwenye kituo cha kimataifa cha anga wanaelea. Kile kituo kiko kama kilomita 400 juu, graviti kule bado ni karibu asilimia 90 ya hapa, wao wanaelea kwa sababu wanaanguka muda wote pamoja na chombo chao, ila wana kasi kubwa ya kwenda pembeni kwa hiyo wanaikosa dunia kila wakati.

Kosa la kawaida: kufunga kifuniko. Ukifunga, maji yanakata hata chupa ikiwa mkononi, maana hewa haiingii, na utajidanganya umefanya jaribio. Kifuniko kiwe wazi.

Hatua ya 5. Mizani ya samaki

Ning'iniza kitu cha kilo 2. Ukiipandisha mizani taratibu kwa mwendo ule ule inasoma 2. Ukiinyanyua kwa ghafla, sindano inapita 2. Ukiishusha ghafla inapungua. Mchapuko wa mita 2 (kwa sekunde kwa sekunde, kuanzia hapa nasema mita tu) kwenda juu utakupa 2 × (9.8 + 2) ÷ 9.8, yaani karibu kilo 2.4, samaki hajaongezeka hata gamba. Mwenye kuona sindano tu, haoni mkono, hawezi kujua kama umenyanyua au kama wote mmehamishiwa sayari yenye graviti ya 11.8. (Ndo maana ukinunua samaki subiri mizani itulie. Sisemi mtu anatupiga, nasema subiri itulie.)

Kilichohesabika ni mchapuko. Mwendo wa kasi isiyobadilika, uwe mkubwa namna gani, haubadilishi sindano.

Hatua ya 6. Basi

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zilikuwa kupasha misuli.

Panda basi, kaa siti ya dirishani katikati ya basi, usikae nyuma kabisa maana kule kunarusha. Funga uzi na nati kwenye reli ya juu, uning'inie huru. Jirani atakuuliza kama hiyo ni hirizi, mwambie ni fizikia, akiendelea kukutazama mpe aishike. Chupa ndogo ijaze maji ubakize hewa kidogo, ifunge, ilaze mapajani ikiwa imeelekea mbele na nyuma ya basi, ile hewa itakuwa kiputo kimoja juu. Mwenzako ashike simu.

a) Basi likiwa limesimama sehemu tambarare, weka alama nati iko wapi na kiputo kiko wapi.

b) Basi likiondoka: nati inarudi nyuma, hiyo mlitegemea. Kiputo kinaenda MBELE. Hiyo hamkutegemea. Maji yanabaki nyuma kama abiria, yanasukuma kiputo mbele.

c) Pima. Nati ikihama sentimita 5 kwenye uzi wa sentimita 50, gawanya, 0.1, zidisha kwa 9.8, mchapuko ni karibu mita 1. Hakiki kwa spidi: basi linalotoka sifuri hadi 50 kwa saa ndani ya sekunde 14 lina mchapuko wa karibu 0.99. Dereva akifunga breki ya nguvu kiasi, mita 3 hivi, nati inaenda mbele nyuzi 17 (digrii).

d) Sasa subiri kilima. Barabara ya Kasulu ukishapita Mwandiga vipo vya kutosha. Basi likiwa linapanda kwa mwendo usiobadilika, angalia: nati imerudi nyuma, kiputo kimeenda mbele. Sawasawa na lilipokuwa linaondoka kwenye tambarare. Kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10 kinaipa nati nyuzi karibu 6, na basi lenye mchapuko wa mita 1 linaipa nati nyuzi karibu 6.

e) Funga macho. Mwenzako akuambie tu kiputo kimehama vipi, na wewe useme: linapanda au linaongeza mwendo? Utabahatisha. Ukipatia ujue umesaidiwa na muungurumo wa injini au na konda anayepiga bodi.

Hapo ndipo ulipo ule usawa wa graviti na mchapuko. Ukiwa ndani ya chombo huwezi, kwa nati, kiputo, simu au tumbo lako, ukasema huu ni mvutano umeinama au huu ni mchapuko. Marubani wanafundishwa hili kwa sababu linaua: ndege ikichapuka kuruka usiku, hakuna taa za kuonekana nje, mwili unamwambia rubani pua imeinuka sana, anaisukuma chini, na kumbe ilikuwa sawa. Ndo maana wanaambiwa waamini vyombo na sio mwili.

Walioko Tabora, barabara ya Urambo ni tambarare, nzuri kwa kupima mchapuko mtupu, ila kipengele cha d kitawasumbua. Treni nayo inafaa, inaondoka pole sana kwa hiyo nati inahama kidogo mno, tegemea simu zaidi.

Tahadhari: usifanye lolote kati ya haya ukiwa juu ya bodaboda, na usimsumbue dereva eti "funga breki kidogo tuone".

Hatua ya 7. Sasa muingize Einstein

Hapa hamna kifaa, ni daftari tu. Mwaka 1907 Einstein akiwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) Bern, Uswisi, aliwaza kwamba mtu anayeanguka hausikii uzito wake mwenyewe. Ndo hatua yako ya 3 na 4. Akasema basi tuchukulie kwamba hakuna jaribio lolote, hata la mwanga, litakalotofautisha graviti na mchapuko. Ndo hatua ya 6 imepanuliwa.

Mwanga: chora boksi linalochapuka juu, tochi upande wa kushoto. Wakati mwanga unavuka, sakafu imeshapanda, kwa hiyo aliyeko ndani anauona mwanga umepinda kwenda chini. Kama mchapuko unaupinda, graviti nayo lazima iupinde. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, mwanaastronomia Mwingereza Eddington akiwa kisiwa cha Príncipe na timu nyingine Sobral, Brazil, wakapima nyota zilizo karibu na jua na kukuta zimehama. Kwa wa fomu siksi: hoja ya boksi peke yake inatoa nusu tu ya kiasi hicho, Einstein mwenyewe mwaka 1911 alipata hiyo nusu, nyingine ilikuja 1915 alipomaliza nadharia nzima na kupinda kwa nafasi kukaingia kwenye hesabu.

Saa: kwa hoja hiyo hiyo saa iliyo juu inakwenda haraka kuliko ya chini. Saa za setilaiti za GPS zinatangulia mikrosekunde 45 kwa siku kwa sababu ya kuwa juu, zinachelewa 7 kwa sababu ya kasi yao, zinabaki 38. Zisiporekebishwa, mikrosekunde 38 mwanga unakwenda kilomita 11, yaani ndani ya siku moja tu ramani ya simu ingeanza kukuweka katikati ya ziwa wakati umekaa Ujiji unakula mgebuka.

Usivuke mpaka huu

Usawa huu unafanya kazi ndani ya chombo kidogo na kwa muda mfupi. Ning'iniza nati hapa Kigoma na mwenzako aning'inize Mpulungu, Zambia, kule mwisho wa ziwa. Zote zinatazama katikati ya dunia, kwa hiyo haziko sambamba, zinatofautiana karibu nyuzi 4. Boksi linalochapuka lingezifanya zote ziwe sambamba kabisa. Kwa hiyo ukijenga boksi la ukubwa wa Ziwa Tanganyika, utagundua uko wapi. Wanaosema "graviti haipo, ni mchapuko tu" wameruka sehemu hii.

Ukikwama

*Simu mezani inasoma sifuri.* Umechagua kipimo kilichoondolewa g. Rudi hatua ya 2.

*Inasoma 9.6 au 10.1.* Kawaida ya vihisi vya bei ndogo. Chukua hiyo kama g yako na uendelee.

*Inapoanguka haifiki sifuri, inabaki kwenye 1 au 2.* Ilizunguka hewani. Iachie kwa mikono miwili kwa mpigo mmoja.

*Maji hayakukata.* Umeitupa chini badala ya kuiachia, au tundu ni kubwa, au chupa ilizunguka.

*Nati inayumbayumba haisomeki.* Barabara mbovu, subiri lami. Au tumbukiza nati kwenye kopo la maji, inatulia haraka.

*Kiputo kinaganda.* Ni kidogo mno, kinashika kwenye plastiki. Ongeza hewa, gonga chupa kwa kidole.

*"Mwalimu, mimi naweza kutofautisha. Kwenye kilima jumla ya simu ni 9.8 ile ile, kwenye mchapuko wa mita 3 jumla inakuwa 10.25."* Huyu namtafuta, huyu amefanya kazi. Uko sahihi kwamba namba ni tofauti, na umeitambua kwa sababu unajua kabla ya safari kwamba Kigoma ni 9.8. Ila usawa haukusema kila mchapuko unafanana na graviti ya Kigoma. Unasema mchapuko wako una graviti yake inayofanana nao, na hapa ni 10.25 iliyoinama nyuzi 17. Mtu aliyezaliwa ndani ya basi hilo, hajui Kigoma wala 9.8, angeweka nati yake na kuandika kwenye daftari: kwetu g ni 10.25 na sakafu ya nyumba yetu imejengwa kwa mteremko. Hakuna kitu ndani ya basi kitakachomkosoa.